Mkono wa Kushoto

Bastola aliileta ndani ya soksi ya sufu,
akaiweka juu ya meza yangu, hapa Eibar,
kama mtu amleteaye mpishi samaki:
"Ya Marekani, Bibi Unzeta. Baba yake babu
aliivaa kiunoni miaka tisa kule Nevada,
akichunga kondoo wa watu."
Nje, manyunyu yetu yale yasiyolowesha
wala kukuacha mkavu.
Nikamwambia: Goñi, kaa. Usiseme tena.
Chuma kina mdomo wake.

Nilianza na pua. Wanafunzi wangu hucheka,
lakini kutu ya miaka mia hunuka sarafu kuukuu,
na kutu ya juzi, ya siki na chumvi,
hunuka kachumbari.
Hii haikunuka jikoni.

Kisha skrubu. Vichwa vizima,
hakuna bisibisi yenye pupa iliyovitafuna.
Silinda nikaizungusha polepole,
tiki, tiki, tiki, tiki, tiki,
tundu la sita likasita
kama shahidi aliyeulizwa tarehe.

Namba kwenye fremu, 417. Kwenye silinda, 417.
Chini ya mtutu, 417, ile saba imeinama kidogo.
Ndugu watatu, tumbo moja.
Goñi akatabasamu. Mapema mno.

Maana juu ya mtutu, kwenye jina la kiwanda
na mji wa ng'ambo,
kulikuwa na herufi moja iliyopotea njia.
Aliyeyachonga maneno yale hakujua Kiingereza;
alichora herufi kama mtu achoraye ndege
ambaye hajapata kumsikia akilia.

Nikafungua mpini.
Chini ya ubao, mahali ambapo mnunuzi hatazami,
palikuwa na mikwaruzo ya tupa.
Mikwaruzo ya tupa huinama kulia,
kwa kuwa watu hupiga tupa kwa mkono wa kulia.
Hii iliinama kushoto.

Nilivua miwani. Nikaifuta. Nikaivaa.
Katika barabara hii, kabla karakana
hazijahamia kwenye baiskeli na cherehani,
alikuwapo mmoja tu aliyepewa meza ya pembeni
ili kiwiko chake kisigombane na viwiko vya wenzake.
Meza hiyo ipo jikoni kwangu. Nimekua nikiilia.
Babu yangu, Kaxiano.

Sasa umwambie mtu nini?
Kwamba mchungaji wake alirudi kutoka Nevada
bila silaha yoyote,
na kabla hajapanda mlimani kwao
alishuka garimoshi hapa, akanunua ushahidi
kwa bei ya kondoo wawili?
Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi.
Hii ilikuwa mita mia tatu kutoka stesheni.

"Ni bandia?" akauliza.
Nikatafuta neno. Bandia ya nini?
Hakuna kipande kilichobadilishwa,
hakuna msasa, hakuna nikeli mpya juu ya aibu ya zamani.
Ni uongo halisi, uliotunzwa vizuri,
wenye viungo vyake vyote.
Kwenye cheti nikaandika:
Si ya Marekani. Ni asilia.
Akasoma mara mbili. Akauliza bei.
Nikamtajia. Uso ukamshuka
kama mlango wa duka saa ya kufunga.

Alipokuwa akiirudisha ndani ya soksi
nikamshika mkono. Ngoja. Lete hiyo.
Nikaigeuza ndani nje. Kisigino kilikuwa kimetiwa viraka
kwa uzi mnene, mishono ya mwanamume
aliyejifundisha mwenyewe, penye mwanga haba,
na mafuta ya kondoo bado yamo,
na vumbi jeupe, chungu ulimini
(nililionja, ndiyo, kazi yetu haina haya),
si la mlima wowote wa huku.

"Hii," nikasema, "sina utaalamu nayo."
Lakini niliikunja, nikaifunga kwa karatasi laini,
tabaka mbili,
na bastola akaitia mfukoni.